Beseni la Maji ya Moto

Kitu cha kwanza Elida alichokiona ni ile soksi.

Ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya vitenge viwili vya Mama Gervasi, ndefu, ya rangi ya ngozi, inaning'inia kama mguu uliomkimbia mwenyewe. Soksi ile haikuwa na kazi kambani. Daktari alisema ikae mguuni kwa Gervasi usiku na mchana, wiki mbili, isitoke ila kwa dakika chache za kuoga. Leo ilikuwa siku ya sita tu tangu apasuliwe, na soksi ilikuwa kavu kabisa, imeshika vumbi. Haikufuliwa leo. Ilifuliwa siku kadhaa nyuma, ikaachwa pale kwa makusudi.

Elida alishika nguzo ya geti la bati. Alikuwa ametoka ufukweni Kibirizi kwa pikipiki mpaka huku Buzebazeba bila hata kuvua aproni yake ya plastiki. Magamba ya dagaa yalikuwa yamemganda mikononi hadi viwikoni. Kichanja chake kizima cha dagaa walioanikwa alikuwa amemwachia jirani awageuze, huku akijua fika kwamba jirani yule hageuzi cha mtu.

Saa moja iliyopita Oswald, mbebaji wa magunia mwenzake Gervasi, alimfuata pale kwenye vichanja, kofia mkononi, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Dada Elida, nimetoka kumwona mwenzetu. Mguu si ule. Shavu la mguu limevimba, gumu kama ubao, ukiligusa linachoma. Mama anamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Amemlaza kama mzazi aliyetoka kujifungua. Hata chooni haendi, anawekewa ndoo."

Elida alimpigia simu nesi wa wodi alimokuwa amelazwa Gervasi. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akajibu taratibu, na ule upole wake ndio uliomtisha Elida kuliko maneno yenyewe.

"Dada, sikiliza. Inawezekana damu imeganda ndani ya mguu. Msimkande. Maji ya moto hapana, mafuta hapana, kusugua hapana. Bonge la damu likikatika hapo linapanda mpaka kwenye mapafu, na likifika huko mtu anaweza asimalize hata saa. Mleteni leo. Si kesho. Leo."

Ndiyo maana alikuwa getini sasa, saa tisa ya mchana, kwa mara ya nne. Ijumaa alikuja akafukuzwa. Jumamosi akafukuzwa. Jana Jumapili, baada ya misa, akafukuzwa mbele ya watu.

"Hodi, mama."

Mama Gervasi alikuwa ameinama kwenye mafiga, anapuliza moto chini ya sufuria kubwa. Pembeni yake kulikuwa na beseni la bluu, kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na chupa ya mawese. Hakugeuka.

"Nani?"

"Ni mimi, Elida. Shikamoo."

Bibi yule alipuliza moto mara mbili zaidi kabla ya kujibu.

"Marahaba. Amelala."

"Jana pia alikuwa amelala, mama. Na juzi."

"Mgonjwa analala. Ulitaka acheze mpira?"

"Naomba nikusemeshe kidogo tu."

"Sema ukiwa hapo hapo. Miguu yako haina kazi ndani ya ua wangu."

Mambo yote yalianzia kwenye mguu. Mashua za dagaa zikifika Kibirizi hazigusi mchanga. Zinasimama pale maji yanapofika magotini, na wabebaji wanaingia ziwani kuzifuata. Gervasi alikuwa ameingia ziwani miaka kumi na miwili. Alisimama majini akisubiri gunia, akalipokea kichwani, akapanda ubao mwembamba kwa ncha za vidole asiteleze. Wenzake walivaa kaptula. Yeye alivaa suruali, jua liwe kali vipi. Wakamcheka kwamba anajifanya karani.

Siku moja suruali ilichanika, na Elida akaona. Kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, mishipa ilikuwa imetuna na kujisokota kama mizizi ya mchikichi iliyofukuliwa na mvua. Gervasi aliufunika mguu haraka, akamtazama Elida kwa macho ya mtu aliyekutwa uchi. Elida hakucheka wala hakuuliza. Alivua kitenge cha pili alichojifunga kiunoni, akampa ajifunge. Mpaka leo kitenge kile hakikurudishwa, na wala hakikudaiwa.

Yeye ndiye aliyemburuta mpaka hospitali. Mama mtu alikuwa Kasulu kwenye mazishi ya dada yake, kwa hiyo kwenye kadi, mahali pa jina la mlezi wa mgonjwa, waliandika Elida. Na yeye ndiye aliyekuwepo daktari alipotoa kidude kidogo kama redio ya mfukoni, chenye mkia wa waya, akakiweka nyuma ya goti la Gervasi.

"Panda kwa vidole," daktari alisema.

Gervasi alinyanyua visigino. Kidude kikapiga fyuuu, kama upepo unaopita chini ya bati.

"Hiyo ni damu yako inapanda. Sasa shuka."

Alishuka, na fyuuu nyingine ikasikika, ndefu, nzito.

"Na hiyo ni damu ile ile inarudi chini ilikotoka. Ndani ya mshipa kuna milango midogo ya kuizuia. Yako imeharibika. Ndiyo maana inajaa huku chini na mshipa unatuna."

Wakampasua, mshipa mbovu wakautoa. Siku ya pili daktari akarudi na kidude chake. Gervasi akapanda kwa vidole, fyuuu. Akashuka. Kimya. Akapanda tena, fyuuu. Akashuka, kimya. Damu ilipanda na haikurudi.

"Sasa muelewe," daktari alimwambia Elida. "Shavu la mguu ndiyo pampu. Mtu akitembea, linaminya mshipa, damu inapanda kwenda moyoni. Akilala tu, pampu nayo imelala, damu inakaa, na damu inayokaa inaganda. Kila saa akiwa macho atembee kidogo. Apande kwa vidole mara kumi. Na soksi isitoke."

Elida alilia pale wodini, ameshika suruali ya Gervasi mkononi. Daktari akadhani ni furaha ya tiba. Haikuwa hivyo. Alikaa miaka saba na marehemu mume wake, akamzalia mtoto, na hakuwahi kusikia damu yake inavyotembea. Ya huyu alikuwa ameisikia.

Alhamisi Mama Gervasi akashuka kutoka Kasulu, akaingia wodini, akamtazama Elida kuanzia kilemba mpaka kandambili, akamchukua mwanawe.

"Mama," Elida alisema sasa, bado ameshika nguzo ya geti, "nimeongea na nesi. Amesema mguu usikandwe. Damu imeganda ndani. Ukiukanda, bonge linaweza kukatika likapanda kifuani."

"Nimezaa watoto saba," alisema Mama Gervasi. "Mara saba nimekandwa kwa maji yanayochemka. Unaniona nimekufa?"

"Yale ni ya uzazi, mama. Huyu hakuzaa."

"Kisu ni kisu. Mtu akiguswa na kisu anawekwa ndani, anafunikwa, anakandwa, anakula mchuzi. Ndivyo tunavyofanya. Ninyi watu wa ng'ambo ya ziwa sijui mnafanyaje."

"Nimezaliwa hapa hapa, Kasingirima, mama. Ng'ambo kwenyewe sijawahi hata kufika."

"Baba yako alifika na mashua kutoka huko."

"Baba alifika. Na yeye hayupo hapa kugombana na wewe."

Bibi alinyanyuka. Hakuwa mrefu, lakini alisimama kama mtu aliyezoea kutiiwa na watu warefu. Machozi ya moshi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa nyuma ya mkono.

"Nikwambie kitu, Elida. Sikuchukii kwa sababu ya baba yako. Wala kwa sababu umemzidi mwanangu miaka mitano na una binti yuko kidato cha kwanza. Hayo ningeyameza. Lakini nani alikuwa anabebewa magunia bure pale Kibirizi? Wenzako wakisubiri zamu, wewe mzigo wako unatangulia. Kwa nini? Kwa sababu huyu mjinga alikuwa anasimama majini tangu alfajiri, mashua ya mzigo wako isifike asipokuwepo. Umemla mguu mwanangu. Sasa umekuja kumalizia?"

Neno lile lilimpata, kwa sababu lilikuwa kweli. Alimwona Gervasi majini alfajiri mara nyingi, akifurahi moyoni kuwa kuna mtu anamsubiri, na hakujiuliza hata siku moja mtu huyo amesimama kwa mguu gani.

"Nilikosa, mama," alisema. "Sikujua. Ningejua ningebeba mwenyewe."

"Ungebeba," bibi alisema, na sauti yake ilishuka. "Thobias wangu, baba yake huyu, alipasuliwa ngiri. Daktari, tena mzee, si kama huyu wenu mwenye ndevu za jana, akasema inuka, tembea, usilale. Siku ya tatu akainuka. Akaenda kuangalia michikichi yake. Wakanirudishia maiti juu ya ngazi. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, daktari amesema. Huyu simwambii nenda. Huyu atalala mpaka nione mwenyewe amepona."

Maji yalianza kuchemka.

"Mama, nani huyo?" Sauti ilitoka dirishani, nzito, ya mtu aliyeamshwa.

"Hakuna mtu."

"Ni mimi, Gervasi."

Elida alisikia kitanda kikilia, kama mtu amejigeuza, kisha kikatulia.

"Mwambie aende, mama."

Afadhali angepigwa kwa mwiko. Siku nne alimtukana yule bibi moyoni akiamini kwamba nyuma ya ukuta ule kuna mtu anayemlilia. Kumbe mtu huyo alikuwa amekaa kimya kwa hiari yake.

"Umemsikia," alisema Mama Gervasi, bila furaha.

Elida alisukuma geti, akapita mbele ya mafiga, akapita mbele ya bibi aliyebaki ameshika mwiko, akafunua pazia.

Chumba kilikuwa na giza na joto, kinanuka mawese. Dirisha limezibwa kwa blanketi. Gervasi alikuwa chali, ndevu zimeota, macho yametazama darini. Mwanaume aliyekuwa anapanda ubao na kilo mia kichwani alikuwa amefunikwa shuka mpaka kidevuni kama mtoto.

"Nimesema uende."

"Niangalie ukisema."

Hakumwangalia.

"Simu yako umezima wewe au mama?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nikwambie nini kwenye simu? Ulikuwepo daktari aliposema. Mizigo basi. Kusimama majini basi. Sasa mimi ni nani, Elida? Sijui kusoma vizuri, sijui kushona, sijui kuendesha. Najua kubeba. Umeolewa mara moja ukazika. Sasa uolewe na mwanaume wa kuwekwa ndani? Utaniweka kwenye kichanja uwe unanigeuza na dagaa wako?"

"Dagaa wangu hawana maneno mengi kama wewe."

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, ikafa.

"Kwa hiyo ndiyo maana umekubali kulazwa," Elida alisema. "Mama anaogopa. Wewe huogopi. Wewe umekata tamaa, na umeona umwachie mama kazi ya kukuzika."

"Usiseme hivyo."

"Daktari alisema usibebe. Hakusema usitembee. Alisema utembee kila saa. Wewe umesikia neno moja ukaziba masikio." Alikuwa amepiga magoti pembeni ya kitanda. "Gervasi, mimi nimeisikia damu yako. Wewe ulikuwa unaangalia ukuta, umenuna, hukuisikiliza. Mimi niliisikia ikipanda na haikurudi. Nililala na mlio huo. Mpaka leo nikigeuza dagaa nausikia. Na wewe umelala hapa unaiacha igande."

Gervasi alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi macho yao yakakutana, na Elida akaona kwamba hakuwa amemchoka. Alikuwa anamtaka kwa namna ya mtu mwenye kiu aliyefungwa mikono.

"Unauma sana?"

"Tangu jana usiku. Nikikandwa naona nyota."

"Kifua?"

"Kifua hakina shida."

Elida alishusha pumzi. Alifunua shuka. Makovu madogo ya kisu yalikuwa yamefunga vizuri. Lakini shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa kwa mawese na kwa kuvutika, na aliposogeza kiganja karibu alisikia joto kabla hajaligusa.

Pazia lilifunuliwa. Mama Gervasi aliingia ameshika beseni kwa mikono miwili, mvuke unampanda usoni, kitambaa begani.

"Toka kitandani kwa mwanangu."

"Mama, usimkande. Nakuomba."

"Sogea."

"Mama, muache kwanza," Gervasi alisema.

"Na wewe nyamaza. Gervasi, nyoosha mguu."

Na Gervasi, mwanaume wa miaka thelathini na moja, akaunyoosha mguu, kwa sababu aliambiwa na mama yake.

Elida hakufikiri. Angefikiri asingefanya. Alisimama, akalishika lile beseni chini na juu, maji yakamrukia vidoleni yakamuunguza, akalivuta kutoka mikononi mwa bibi, akapiga hatua mbili mpaka mlangoni, akayamwaga yote uani. Yalitoa sauti kama kitu kilichochanika.

Maji aliyochemshiwa mgonjwa na mama yake, kuni alizozikata mwenyewe, moto alioupuliza mwenyewe, mgeni ameyamwaga mbele ya mlango wake. Elida alitazama udongo ukiyanywa, na alijua kwamba kila alichokuja kutafuta katika nyumba hii kilikuwa kinanywewa pamoja nayo.

"Umemwaga maji yangu," alisema Mama Gervasi polepole.

"Ndiyo, mama."

"Ndani ya nyumba yangu."

"Elida," alisema Gervasi, na safari hii sauti yake ilikuwa na hasira. "Huyo ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Mama, nipe hicho kitambaa. Kisha unipige ukitaka, sitakimbia."

Hakusubiri kupewa. Alikichukua begani kwa bibi, akakizungusha kwenye shavu la mguu wa kulia, ule mzima, akakifunga fundo pale ncha zilipokutana. Halafu akakifungua, fundo limeacha mikunjo miwili kama alama, akakizungusha kwenye mguu wa kushoto. Alama hazikukutana. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya vidole vinne.

"Weka vidole vyako hapo, mama."

Bibi hakutaka, lakini aliinama. Vidole vyake vinne vilivyopinda kwa jembe vikaingia kwenye ile nafasi, vikatosha kabisa.

"Juzi haukuwa hivi," alisema.

"Juzi haukuwa hivi. Na unazidi kila saa."

"Nilikuwa naukanda upungue."

"Najua, mama. Najua ulikuwa unaukanda upungue."

Nje Oswald alipiga hodi. Alikuwa amekuja na bajaji bila kuagizwa na mtu, na injini yake ilikuwa inakoroma getini. Mama Gervasi alinyanyua kichwa kama aliyeshtakiwa.

"Mmepanga," alisema. "Mmekuja kumchukua. Akifika huko utakaa naye wewe, jina lako ndilo liko kwenye kadi, mimi nitaambiwa nikae nje na vyombo. Halafu mtarudi mmeoana. Hapana. Atakufa hapa mikononi mwangu kuliko kufa mikononi mwa mtu."

"Nenda naye wewe," Elida alisema. "Mimi siendi."

"Leo huendi. Kesho je?"

Elida alimtazama Gervasi. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, jasho limemtoka. Alimtazama kwa kituo, paji la uso, ile alama ya kata iliyochimbika utosini kwa kubeba magunia, mikono. Halafu akapiga magoti mlangoni, kwenye matope ya maji aliyoyamwaga mwenyewe.

"Sikia, mama. Mpeleke sasa hivi, kwenye bajaji hiyo. Ukimpeleka, mimi nakuachia mwanao. Sitakuja hapa. Sitapiga simu. Akija Kibirizi nitageuka upande wa pili. Nakuapia kwa binti yangu."

"Elida, usiseme hivyo," Gervasi alisema.

"Rudia," alisema bibi. "Mwangalie yeye, urudie."

Alirudia. Alirudia neno kwa neno, akimwangalia usoni, na sauti haikukatika hata mara moja. Ilikatika alipomaliza, wakati hakuna tena cha kusema.

Mama Gervasi alimtazama yule mwanamke mwenye magamba ya dagaa mikononi, vidole vimeanza kutoka malengelenge. Labda alikuwa amejiandaa kwa mwizi, na mwizi harudishi. Alivuta kitenge chake, akajifunga kiunoni.

"Oswald," aliita. "Ingia ukamate kichwani. Taratibu. Mguu usigongwe."

Walimbeba, Oswald na dereva, na blanketi likawa machela. Alipopitishwa mlangoni alinyoosha mkono, ukagusa bega la Elida, ukapita.

Elida alikimbilia kambani, akaichomoa soksi. Akatoa kadi ya hospitali ndani ya aproni, alikokuwa anaitembeza kwa siku sita ndani ya mfuko wa nailoni. Akavipeleka mpaka kwenye bajaji. Bibi alikuwa amekaa nyuma, mguu wa mwanawe mapajani kwake, mikono imeuzunguka bila kujua iufanye nini.

"Soksi hii usimvishe sasa. Daktari ataamua. Mwambie alilala siku nne, alikandwa kwa maji ya moto, uvimbe ulianza jana. Usifiche kitu, mama, hata kama watakufokea."

"Sitaficha."

"Na njiani usiukande. Ushike tu."

"Nimesikia."

Bibi alipokea kadi, akaigeuza, akayatazama yale maandishi asiyoyajua. Akaonyesha mstari mmoja kwa kidole.

"Jina lako ni lipi hapa?"

Elida alimwonyesha. Bibi alifunika jina lile kwa dole gumba, hakulikwaruza, akaiweka kadi kifuani.

"Mama," Gervasi aliita, macho yamefumbwa.

"Nini?"

"Aliyeapa ni yeye. Mimi sijaapa kitu."

"Nyamaza ufike kwanza," alisema Mama Gervasi.

Dereva aliondoa bajaji polepole kwa ajili ya mashimo. Elida alibaki katikati ya barabara. Hakufuata hata hatua moja, alikuwa ameapa. Mguu wa Gervasi ulikuwa umetokeza pembeni ya bajaji, kuanzia kwenye kifundo, umeshikwa chini na mikono miwili ya mama yake. Ndio ulikuwa kitu pekee chake kilichobaki kuonekana.

Halafu ukasogea.

Unyayo ulikunjika, vidole vikaelekea chini, vikarudi juu. Ukatulia. Ukakunjika tena. Elida aliona mikono ya bibi ikishtuka, ikitaka kuuzuia, kisha ikaulegezea. Mbili. Ulipanda kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua. Tatu. Hivyo ndivyo walivyofanya wodini, yeye akihesabu na Gervasi akilalamika kwamba anahesabu polepole ili amtese. Nne. Tano. Bajaji ilipita shimo, mguu ukapotea ndani ya vumbi, ukatokeza. Sita. Saba.

Bajaji ikakata kona.

Mtu mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye madumu ya mawese alisimama kumtazama yule mwanamke wa aproni ya plastiki, magoti yana matope, amesimama peke yake katikati ya njia. Elida hakumwona. Alinyanyua visigino kutoka kwenye kandambili, akapanda kwa vidole, akashuka.

"Nane," alisema.

Akapanda, akashuka.

"Tisa."

Ya kumi alipanda, akabaki juu, mashavu ya miguu yakimtetemeka, shingo imenyooka kuelekea kwenye ile kona, na hakushuka.